Tumelea watoto bila nyama wala samaki hapa Kigoma. Sasa mkubwa ameomba migebuka

Mama Wawili

Habari za jioni wanajukwaa. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Mgeni akinikuta saa ya chakula akauliza "leo mboga nini", nikamjibu maharage na sombe (kisamvu), anaendelea kusubiri. Anadhani sijamaliza kujibu. Kiswahili chetu mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, hata mbuzi ni mboga, kwa hiyo nikisema wanangu wanakula mboga tu hakuna anayenielewa. Imebidi nijifunze kusema kwa kirefu: humu ndani haiingii nyama, wala samaki, wala dagaa. Hapo ndipo mtu anaweka kikombe chini ananitazama vizuri.

Naishi Mwanga, Kigoma mjini. Nimezaliwa Ujiji, nimekua naanika dagaa mchangani na mama yangu. Jua likiwaka unageuza, wingu likitanda unakusanya mbio. Kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui utamu wa dagaa. Nikaolewa na mtoto wa Wasabato wa Kasulu, nyumba ambayo baba mwenye mji alishaondoa nyama mezani, wanakula mayai na maziwa basi. (Si Wasabato wote, wengi nawafahamu wanakula mbuzi na samaki wenye magamba bila shida. Ni mkwe wangu na msimamo wake.) Mwanzoni nilikuwa nakula kwa mama, nanawa mikono kwa ndimu ndipo narudi kwangu. Miaka ikaenda, nikajikuta sina hamu tena. Watoto wakazaliwa humo humo.

Wa kiume ana miaka 9, wa kike ana 3.

Mwezi uliopita nafua kaptula ya shule ya mkubwa, mkono ukagusa kitu mfukoni. Karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa vizuri kabisa. Ndani vichwa viwili vya dagaa, vikavu, macho yamebaki yananitazama. Nikamwita. Hakukataa. "Bibi alinipa nionje. Miili nimekula, vichwa vichungu." Nikamuuliza kwa nini asivitupe basi. Akasema angevitupa bibi angeona.

Siku mbili baadaye akanijia jikoni akasema kwenye harusi ya mama mdogo Ujiji anataka kula migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika hapa kwetu, kama wenzake, na hataki kujificha.

Baba yake amesema niamue mimi. Mnaolea watoto hivi, au mnaojua mambo ya lishe, nisaidieni. Matusi nayajua yote, tafuteni mapya.

Mzee wa Kibirizi

Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho nikavua miwani. Mtoto wa Kigoma kuficha kichwa cha dagaa mfukoni kama mwizi! Watu wa Dar wanatuma nauli waletewe dagaa wetu, wewe ziwa liko mlangoni unampa mtoto majani.

Dagaa analiwa mzima, na mifupa yake. Mifupa ya mtoto itajengwa na nini? Na sombe?

Kijana wa Katubuka

Halafu hapo juu kidogo tu Gombe, sokwe wenyewe wanakula nyama. Yule mama Jane Goodall alipofika mwaka 1960 wazungu waliamini sokwe ni walaji matunda. Akakaa kimya porini, akawaona wanatafuna nyama. Sokwe wa Gombe anawinda mbega, mtoto wa Mwanga ananyimwa dagaa. Tumerudi nyuma.

Mama Wawili

Mzee wangu shikamoo. Nitarudi kwako.

Kijana, umeisimulia nusu. Huyo huyo mama aliyeona sokwe wakila nyama aliacha nyama yeye mwenyewe, akaishi hivyo miaka mingi, amefariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91, bado yuko safarini anahutubia watu. Sasa tuchague, tumuige sokwe au tumuige aliyemchunguza?

Kijana wa Katubuka

😂😂 Mama umenimaliza. Nakaa chini.

Ngosha wa Nzega

Sisi Tabora hili jambo halina jina kubwa hivyo. Nimekulia kijijini Nzega, nyama niliiona sikukuu na siku ya msiba. Kila siku ni nsansa (majani yaliyokaushwa) imeungwa karanga, mlenda, masika uyoga wa porini, kiangazi michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakuna aliyetuita walaji mboga. Tuliitwa watoto.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mtoto anakua bila nyama, nitakwambia mimi hapa nina futi sita. Ila nikuambie na upande wa pili: tulizaliwa saba, tumekua wanne. Sisemi ni nyama. Malaria ilikuwepo, surua ilikuwepo. Nasema tu mtu asijivunie sana "sisi tulikua hivyo hivyo", maana wasiokua hawamo humu kuchangia.

Binti Ujiji

Hiyo sentensi ya mwisho Ngosha... haya.

Mama Wawili, naomba uwe mkweli. Hawajawahi kupata shida? Maana wote wanaoandika haya mambo watoto wao huwa hawaugui kabisa, wana akili, wanaimba kwaya.

Mama Wawili

Wamepata. Wa pili. Naandika hili kwa ajili ya mama mwingine.

Mkubwa nilimlea na mama mkwe, yule mzee alikuwa anajua. Uji wake ulikuwa mzito kama ugali mwepesi, una karanga zilizosagwa laini, una kijiko cha mawese. Wa pili mama mkwe alishafariki, mimi nina biashara sokoni, mtoto anabaki na dada wa kazi. Miezi 14 nikaona anachoka. Anakaa tu. Akawa anakula udongo wa ukutani. Nikasema anaota meno.

Nikampeleka kituo cha afya, sitakitaja. Nesi akamvuta kope la chini, ndani kweupe kama karatasi. Kupima, damu 8.1. Malaria hana. Akaniuliza anakula nini, nikasema. Wee! Alinisema mbele ya foleni nzima, mpaka mama mmoja nyuma yangu akawa anaitikia "kabisa, kabisa" kama yuko kanisani. Nikatoka na dawa ya madini ya chuma na aibu, lakini maelezo ya nini nibadilishe sikupewa. "Mpe nyama" basi.

Nilipotulia nikakaa jikoni siku nzima nikatazama dada anavyomlisha. Asubuhi uji wa muhogo, mwepesi, unapita kwenye kichupa. Mchana ugali wa muhogo na sombe, na kikombe cha chai ya rangi ili chakula kishuke. Jioni ugali wa muhogo na mchuzi wa maharage. Mchuzi, wakuu. Maharage yenyewe yamebaki kwenye sufuria kwa sababu "mtoto hawezi kutafuna". Yai hakuna, maana nilikuwa nayaacha kwenye trei kabatini na dada hakuambiwa ni ya nani.

Yaani mtoto hakuwa na shida ya kukosa nyama. Alikuwa na shida ya kukosa chakula, na mezani tunajiona tumekula.

Nesi Mstaafu

Mama Wawili, pole kwa kusemwa hadharani. Tulifundishwa vibaya hilo, tukadhani sauti ndiyo elimu. Miaka zaidi ya 20 nimepima watoto mkoa huu, naomba niongee.

Kwanza unga. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu moja au mbili. Mahindi yanakaribia 8. Maharage makavu yanazidi 20. Mtoto wa mahindi ukimkosesha maharage anayumba. Mtoto wa muhogo ukimkosesha anaanguka. Na muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa sawasawa, ukikutana na mwili usio na protini, ndipo unapokuja ugonjwa unaoitwa konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi kama ilivyokuwa. Sombe nayo ni jani lenye sumu ile ile, itwangwe kweli na ichemke sana bila mfuniko, msifanye haraka ya gesi.

Pili chai. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, hasa haya yanayotoka kwenye maharage na majani ambayo tangu mwanzo yanaingia kwa shida. Ndimu, papai, pera, chungwa vinafanya kinyume chake. Kamulia ndimu kwenye maharage ya mtoto, chai mwondolee kabisa.

Tatu, na hapa baadhi yenu hamtanipenda. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023 linasema mtoto wa miezi 6 mpaka 23 apate kila siku chakula chenye asili ya mnyama: nyama, samaki au yai. Tumbo lake ni dogo, mahitaji yake ni makubwa. Mama Wawili ana yai na maziwa, kwa hiyo ana pa kushikia. Lakini nimewahi kukutana na wazazi vijana walioondoa na yai na maziwa pia. Hapo kuna vitamini B12. Haimo kwenye mchicha, haimo kwenye maharage, haimo kwenye mawese. Asiyekula kitu chochote cha mnyama lazima aipate kwenye dawa au chakula kilichoongezewa, na mama anayenyonyesha akiikosa mtoto anaikosa naye. Nimeona mtoto aliyekuwa anakaa akarudi kulala. Ukichelewa, ubongo haukusubiri.

Mchangiaji Mpya

Nesi, mimi nilisikia B12 inapatikana kwenye mboga zisizooshwa, kwenye ule udongo kidogo. Babu zetu walikula hivyo.

Nesi Mstaafu

Kwenye ule udongo utapata minyoo, na minyoo itakunywa damu ambayo tunahangaika kuiongeza. Osha mboga.

Ngosha wa Nzega

Nesi na asali je? Kwetu Tabora mtoto akizaliwa bibi anamlambisha asali kabla hata ya ziwa la mama. Wasiokula nyama wanasema asali ni damu.

Nesi Mstaafu

Asali ya Tabora naipenda mimi mzee. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapana, hata tone. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa linavishinda na la kichanga halivishindi, analegea mwili mzima. Na si damu, ni sukari tamu tu.

Mama Wawili

Asante sana Nesi. Nyingi nilizigundua kwa kuumia, lakini ya sombe na mfuniko ngoja nikamwambie dada sasa hivi.

Walioniuliza sirini nafanyaje sasa, ni hivi. Maharage ya njano ya Kasulu naloweka usiku, maji yale namwaga, nachemsha mpaka yanapondeka kwa kidole. Ya mdogo naponda na mwiko pembeni mwa sufuria, yote na maganda yake, si mchuzi. Ndimu juu. Kijiko cha mawese mabichi, na hapa nigombane kidogo na watu wa nyumbani: mnayachoma mawese mpaka yanatoa moshi na kuwa meupe kwa sababu hamtaki harufu. Ule wekundu mnaoufukuza ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A! Yapashe moto tu yayeyuke, yatie mwisho. Unga nachanganya, nusu muhogo nusu mahindi, mume alinuna wiki moja akazoea. Yai moja kila siku kwa kila mtoto, na yai lina jina la mtu, limeandikwa kwa kalamu kwenye ganda. Chumvi nanunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, ingawa ya Uvinza iko jirani na watu wanaipima kwa kopo.

Baada ya miezi mitatu damu ikafika 11.4. Udongo aliacha mwenyewe.

Sasa Mzee wangu wa Kibirizi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua ili samaki wazaane. Naomba nikuulize kwa heshima: nyumbani kwako watoto walikula nini?

Mzee wa Kibirizi

Umenishika.

Wiki za kwanza tulikula dagaa wa akiba. Wakapanda bei, yule wa akiba nikamuuza, maana ada ya shule haifungwi pamoja na ziwa. Baada ya hapo sombe. Maharage mara moja moja. Mke wangu alikuwa anaweka nyanya chungu na kusema leo mboga ipo.

Na nitasema ukweli ambao wavuvi wenzangu wanaujua. Hata ziwa likiwa wazi, dagaa mzuri anapanda gari. Anayebaki nyumbani ni yule aliyepondeka, na mkia wa mgebuka, na huo mkia ni wa baba. Mtoto anapata mchuzi. Kama ulivyosema wewe wa maharage.

Binti Ujiji

Mzee 😢 heshima yako.

Mama Wawili

Ndivyo ilivyokuwa mtaani kwetu pia. Mwezi wa Juni ule jirani yangu, ambaye kwa miaka ananiita mama majani, aligonga mlango jioni na bakuli. Hakuomba chakula. Akauliza, "Hivi wanao huwa wanashiba na nini?" Tukakaa jikoni tukaloweka maharage. Alikuwa hajui karanga zinaungwa kwenye sombe, kwao wanatia mawese na dagaa tu. Akaenda nazo nusu kilo. Ziwa lilipofunguliwa akarudi kwenye dagaa wake, ni haki yake, ila karanga hajaacha.

Kwa hiyo mimi nikisikia "mtoto wa Kigoma hawezi kukua bila samaki" nauliza mtoto yupi. Wengi wao wanakua bila samaki sasa hivi, hawajachagua, na hakuna aliyewapangia yai badala yake. Mimi nimechagua na bado nilikosea. Asiyechagua anakosea bila hata kujua kuna hesabu.

Kijana wa Katubuka

Swali dogo la uwanja wa nyuma: kumbikumbi je? Ni nyama au si nyama?

Mama Wawili

Kijana! Hilo limevunja vikao vya ukoo. Mume anasema ni kiumbe. Mimi mvua ya kwanza ikinyesha nazima taa ya nje nisijaribiwe.

Ngosha wa Nzega

Turudi kwenye swali, limeachwa pekee yake kama mgeni sebuleni. Mtoto anataka migebuka harusini. Mimi ningemruhusu. Si kwa ajili ya lishe, hiyo umeiweza. Kwa ajili ya mfuko wa kaptula. Mtoto wa miaka 9 akishaanza kukunja karatasi vizuri namna ile, leo ni dagaa, kesho ni kitu kingine.

Mama wa Kasulu

Mimi napinga. Sisi pia hatuli nyama, kwa imani. Danieli na wenzake walikaa siku kumi kwa mtama na maji, nyuso zao zikapendeza kuliko waliokula chakula cha mfalme. Mtoto analelewa katika njia ya nyumba yake. Leo ukifungua kwa migebuka, kesho utafungua kwa pombe ya harusi hiyo hiyo? Mdogo wangu, bibi ndiye wa kuongea naye. Alivunja mji wako kimyakimya.

Mama Wawili

Dada yangu nakuheshimu, na la bibi umenigusa. Niliongea naye. Nilikwenda na hasira, nikamkuta anachambua dagaa kwenye ungo, akaniambia bila kuinua macho: "Nilikulea kwa hawa hawa. Ukiwakataa mbele ya mtoto, unasema nilikulisha uchafu." Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo. Nikakaa chini nikamsaidia kuchambua. Mikono ilikumbuka yenyewe.

Tumekubaliana asimpe kitu kwa siri. Chochote atakachompa, ampe nikiwepo.

Harusi ni Jumamosi. Nitawaletea habari.

Mchangiaji Mpya

Nimeweka kambi.

Binti Ujiji

Dada Jumamosi imepita na Jumatatu imefika, usitufanyie hivi.

Mama Wawili

Poleni, vyombo vya harusi mnavijua.

Nilimwambia asubuhi, ukitaka kula, kula, mbele yangu. Akaniuliza baba atakasirika? Nikamwambia baba anajua. Mgebuka ukaja wa kuchoma, mzima, ngozi imepasuka, pilipili pembeni. Bibi akamwekea kipande cha tumbo, kikubwa, mikono inamtetemeka kwa furaha. Mtoto akakaa nacho muda mrefu. Nilidhani ataacha, na sitawaficha, sehemu moja yangu ilitaka aache. Akala. Akala chote. Akaomba kingine.

Usiku njiani akasema ni kitamu kuliko dagaa ila mikono inanuka. Halafu akauliza kama kwetu nyumbani anaweza kula. Nikasema kwetu hapana, kwa bibi ndiyo, mpaka atakapokuwa na jiko lake. Akafikiri kidogo, akasema sawa, lakini Jumamosi huwa wanakwenda kwa bibi kila wiki. Hesabu zake anazijua huyu.

Mdogo wake alinusa akageuza uso akaendelea na wali maharage. Sijui ya kesho.

Baba yake ameuliza kitu kimoja tu, kama alikula na ndimu.

Mama wa Kasulu

Haya. Nitawaombea. Hiyo karanga kwenye sombe unatia kabla au baada ya mawese?

Mama Wawili

Karanga kwanza dada, ichemke na sombe moto mdogo nusu saa. Mawese mwisho.

Mzee wa Kibirizi

Mwanangu umefanya la mama. Sasa mfundishe kula, maana mtoto asiyezoea miiba ni hatari. Aanzie mgongoni, tumbo la nini mara ya kwanza? Nyama aitoe kwa vidole, aibonyeze kabla ya kuweka mdomoni, asiongee. Mwiba ukikwama, donge kubwa la ugali, alimeze bila kutafuna, unashuka.

Nesi Mstaafu

Mzee, ushauri wote mzuri ila huo wa mwisho hapana. Donge linausukuma mwiba uzame zaidi. Ukikwama na hautoki kwa kukohoa, hospitali.

Mzee wa Kibirizi

Miaka 60 nameza madonge mimi.

Nesi Mstaafu

Na wale uliowaleta kwangu usiku wa manane, unawakumbuka?

Mzee wa Kibirizi

Hospitali, Mama Wawili. Mpeleke hospitali.